Zamu ya Clavery

Serikali ya kijiji, baada ya kikao halali kilichofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala nyingine, inawatangazia wananchi wote kwamba tarehe mosi Aprili ni siku kama siku nyingine. Ni marufuku kwa mkazi yeyote, awe mzaliwa au mhamiaji, kumdanganya mwenzake siku hiyo kwa mdomo, kwa simu, kwa ishara au kwa njia nyingine yoyote. Atakayekiuka atachukuliwa hatua. Hatua zenyewe hazikutajwa, labda kwa kuwa kikao kilikuwa kimeshachoka.

Mwenyekiti wetu, Nestory, alilisoma tangazo hilo nje ya kanisa Jumapili, akiwa amesimama juu ya jiwe ili sheria isikike mpaka migombani. Sababu ya kulitoa ilikuwepo. Mwaka uliotangulia, kijana ambaye hajajulikana mpaka leo alituma ujumbe kwenye kundi la simu la kijiji kwamba asubuhi hiyo kuna chanjo ya ng'ombe ya bure kwenye josho. Ng'ombe wa vitongoji vyote wakaswagwa. Walipokosa wa kuwachanja wakaingia kwenye maharage ya watu, na maharage ya Aprili ndiyo kwanza yanatoa maua.

Gaudiosus alisikiliza tangazo kofia ikiwa mkononi. Ni mkulima wa migomba na kahawa hapa Chonyonyo, mzee aliyekwisha kuvuka sabini, na ndiye mkamuaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, anayeaminiwa na Wakatoliki na Walutheri bila ubaguzi. Tangazo lilipokwisha, akanyosha mkono.

"Mwenyekiti, na mtu ambaye zamu yake ilikwishafika kabla ya sheria?"

"Zamu ya nini, mzee?"

"Ya kunidanganya mimi."

Watu wakacheka. Nestory hakucheka, maana alikuwa kazini.

"Mzee wangu, sheria haina zamu."

"Basi," alisema Gaudiosus, akavaa kofia yake.

Zamu aliyoizungumzia ilikuwa ya Clavery, jirani yake, ambaye migomba yake ikianguka kwa upepo huangukia kwa Gaudiosus. Siku ya Wajinga waliletewa na mwalimu mmoja kutoka Muleba, wakati wote wawili wakisoma darasa moja na kugombania kipande kimoja cha chaki. Mwalimu huyo aliwaambia asubuhi ya tarehe mosi kwamba shule imefungwa. Wakaenda nyumbani wakiimba. Kesho yake akawachapa wote kwa utoro, kisha akawaeleza maana ya sikukuu hiyo. Somo likaingia vizuri kuliko hesabu.

Tangu hapo wawili hao wakajiwekea utaratibu. Aliyedanganywa mwaka huu ndiye atakayedanganya mwaka kesho. Aliyedanganya sharti aje mwenyewe, kwa miguu yake, autazame uso wa mwenzake. Na mjinga wa mwaka humpelekea mshindi kibuyu cha rubisi, wakakinywa pamoja, kwa hiyo kusema kweli hakuna aliyekuwa akishindwa.

Kuna mwaka Clavery alimtuma mwenzake stendi ya Kayanga kumpokea binamu yake anayetoka Uganda, mtu mrefu mwenye koti la kijivu. Binamu huyo hakuwepo duniani. Lakini kwenye basi akashuka kweli mtu mrefu mwenye koti la kijivu, fundi baiskeli aitwaye Twizeyimana, aliyekuwa akitafuta kazi, na Gaudiosus akamtwisha heshima zote na kumbebea mzigo hadi kwa Clavery. Ikabidi Clavery amkaribishe binamu asiyemjua. Fundi huyo yupo mpaka leo, ana wajukuu, na ukoo wa Clavery ukifiwa yeye hukaa upande wa wafiwa. Suala la nani hasa alidanganywa mwaka ule halijapata uamuzi.

Mwaka mwingine Gaudiosus alipita alfajiri uani kwa mwenzake, akasema, "Munywani, leo usiende shamba," akaendelea na safari. Munywani ndiyo rafiki kwa lugha ya hapa, ila rafiki wa kutafuna naye kahawa, si wa kusalimiana tu. Clavery akashinda ndani mchana kutwa akisubiri sababu. Jioni akaenda kuiulizia. Sababu haikuwepo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Uongo wa siku zile ulikuwa na miguu. Ulitoka kwa mtu unayemfahamu mpaka kijembe chake, ukaja polepole kati ya migomba, na mwenyewe akafuata nyuma yake kuona umefikaje. Wanawake waliacha palizi wakasimama kutazama. Watoto walijua kabla ya mlengwa na hawakusema, jambo ambalo kwa watoto ni kazi ngumu. Siku hizi uongo unafika kabla mtu hajanawa uso, na aliyeutuma hana haja hata ya kuona maharage yakiliwa.

Mwaka jana, kabla ng'ombe hawajarudi kutoka joshoni, Gaudiosus alikuwa amekwisha kumdanganya Clavery kwa jambo dogo la mbuzi. Zamu ya mwaka huu ikawa ya Clavery. Kisha karibu na Krismasi kiharusi kikamwangusha Clavery akiwa anakata ndizi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukalala, na mdomo ukafunga. Hakuwa ametoa sauti tangu hapo, si ya kilio wala ya kicheko. Mwanawe Deodatus, mwenye duka la vipuri Mwanza, akapiga simu kwamba Jumamosi anakuja na gari kumchukua baba yake akae karibu na hospitali kubwa. Tarehe mosi ilikuwa inatangulia Jumamosi hiyo. Gaudiosus alijua kwamba kama zamu haitachezwa siku hiyo, haitachezwa tena.

Asubuhi ya tarehe mosi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha na ukungu umeshika kilima, alikwenda. Clavery alikuwa amelazwa kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani. Mkewe, Dafroza, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo.

"Leo ni tarehe ngapi, munywani?" aliuliza Gaudiosus.

Clavery akamtazama.

"Nasikia nje kuna mtu ananiita. Ni kweli?"

Clavery akatazama dari.

"Nitikisie hata kichwa tu. Ukitikisa kwamba ndiyo, mimi nitatoka."

"Shemeji, mwache," alisema Dafroza. "Hata uji ukimwingia mdomoni anasahau kumeza. Utani ataupata wapi?"

"Utani haumezwi, shemeji."

"Wewe nawe! Umri umekwenda, akili umeiacha darasani na yule mwalimu wenu."

Hapo mwenyekiti akapiga hodi. Alikuwa amesikia Gaudiosus yuko wapi na alijua siku ni ipi.

"Shikamooni wazee. Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa tu?" aliuliza Gaudiosus.

"Na amani kwa ujumla."

Akapewa kiti na kahawa. Wakakaa. Gaudiosus aliongea peke yake kwa muda mrefu: bei za mbegu, mapadri wapya, Twizeyimana na baiskeli zake. Alikuwa akiacha nafasi katika kila sentensi, kama mtu anayeacha mlango wazi kwa mgeni aliyechelewa, lakini hakuna kilichoingia. Mwishowe akashika kofia, akasimama. Alimgusa mwenzake begani.

"Haya, munywani. Haidhuru. Mwanza kuna samaki."

Akageuka. Ndipo Dafroza alipoguna.

Clavery alikuwa ameinua mkono wa kushoto. Macho yamemtoka, yamekaza dirishani. Vidole viwili, dole gumba na cha shahada, vilikuwa vikifanya kazi hewani: vinabana, vinachomoa, vinatupa, vinabana, vinachomoa, vinatupa. Mtu wa kwingine angedhani ni degedege. Kwa mtu wa Kagera hakuna haja ya kuuliza, maana alikifanya kitendo hicho kabla hajajua kufunga vifungo. Ndivyo mabawa ya senene, panzi wetu wa kuliwa, yanavyotolewa. Kisha kidole kikanyoshwa kuelekea kilimani, kwenye ukungu.

Aprili, baada ya mvua ya usiku, senene huweza kushuka. Si kila mwaka, lakini huweza. Na wakishuka ni wa atakayewahi.

"Waitu, jamani, wameshuka!" alipiga kelele Dafroza.

Waliokuwa chumbani walitoka. Gaudiosus alipanda kilima kwa magoti yasiyotaka kupanda, kofia ikiwa tayari kupokea mavuno. Majirani, walipoona watu wanakimbia na vyombo, hawakuuliza. Walichukua ndoo, masufuria, mtungi mmoja, na mwanakwaya mmoja alikuja na fulana yake mkononi. Kilima kikajaa. Watu wakainama wakapekua majani, wakapekua tena. Kulikuwa na umande, umande mzuri sana. Senene hawakuwepo hata wa kuhesabia.

Gaudiosus alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Akatazama chini, kwenye dirisha la Clavery. Kisha akashuka mbio, jambo ambalo madaktari walikwisha kumkataza.

Clavery alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso ulicheka na mwingine ukabaki umetulia kama unasubiri maelezo. Sauti ilikuwa mbovu, ya msumeno katika mbao mbichi, lakini ilikuwa sauti. Dafroza alisimama mlangoni akilia na kanga mdomoni.

"Mwizi wewe," alisema Gaudiosus akihema. "Kumbe ulikuwa unasubiri nishike kofia!"

Clavery akatikisa kidole: sasa njoo na kibuyu. Gaudiosus akakileta mchana huo huo. Dafroza akamlisha mumewe rubisi kwa kijiko, na akaimeza vizuri.

Jumamosi Deodatus akamchukua. Gaudiosus alisindikiza gari mpaka njia ya Kayanga, akaegemea dirisha la gari na kumwambia mwenzake, "Mwaka kesho ni zamu yangu. Ujihadhari na watu watakaokupigia hodi huko." Clavery akambana kidole kwa mkono ule wa kushoto, hakukiachia mpaka gari lilipoanza kutembea. Nyumba yao sasa ina kufuli, na migomba yake bado inaangukia kwa Gaudiosus, ambaye anaiegesha tena kwa miti bila kulalamika.

Katika mkutano uliofuata, mwenyekiti Nestory alitoa taarifa kwamba tangazo limeheshimiwa, na kwamba tarehe mosi Aprili ilipita kijijini bila mkazi yeyote kudanganywa. Wananchi walipiga makofi. Aliyefika wa kwanza kilimani siku ile alikuwa yeye, na beseni alilokwenda nalo ni la Dafroza.