Piano kwenye Ghorofa ya Nne

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wengi walionicheka waliishi ghorofa ya chini. Sisi tulikuwa ya nne, huko mtaa wa Huruma, Nairobi, mahali ambapo ukifungua dirisha la jikoni unaweza kumpa jirani wa ploti ya pili kitunguu mkononi bila nyinyi wawili kutoka nje. Mtaani kwetu kila mtu anamjua mtu aliyewahi kuona nyumba ikishuka yote kwa mara moja, watu wakiwa ndani. Kwa hiyo ufa ulipotokea sebuleni, kutoka kona ya dirisha hadi juu ya mlango, mimi niliuona siku ile ile. Mume wangu aliuona nilipomwonyesha.

Msimamizi wa ploti alikuja na mwiko na simiti kidogo, akaupaka.

"Mama, tulia. Hiyo ni plasta tu inapumua," akasema.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakupanga nyumba Huruma. Kwetu ufa ulizibwa, ukarudi, ukazibwa tena, ukarudi mrefu zaidi.

Ndipo piano ikaja.

Mume wangu ni fundi wa viti Gikomba, na Jumapili hupiga kinanda kanisani. Hapo hupiga nyimbo za kanisa, lakini moyo wake uko kwa Mwingereza mmoja maarufu, anayetunga na kuimba mwenyewe huku akipiga piano. Nyimbo zake za polepole umezisikia hata kama hujui ni zake. Huchezwa redioni Jumapili alasiri, huchezwa harusini bibi harusi akiingia, na huku Eastlands watu wazima na akili zao huimba beti kwa Kiingereza cha kubuni mpaka wafike kwenye kiitikio, ambacho wote wanakijua. Mume wangu alinitongoza kwa nyimbo hizo. Alinipigia moja kwenye kinanda cha kanisa mchungaji akiwa ametoka, nami nikawa nimekubali kabla hajafika ubeti wa pili. Siwezi kujifanya sizipendi.

Basi shule moja ilikuwa ikiondoa piano kuukuu ambayo panya walikuwa wamekula sufu yote ya ndani. Akaileta kwenye kibanda chake. Alinunua makoti mazito ya mtumba, akayakata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwenye vinyundo vinavyogonga nyuzi, kimoja kimoja, kila jioni baada ya kazi. Ilipoanza kutoa sauti ya kueleweka, vijana wa mkokoteni waliipandisha hadi kwetu wakiimba na kutukana, mimi nikiwa nyuma yao nikiiombea kila ghorofa waliyoipita. Ilipotua sebuleni vikombe vililia kabatini.

"Uzito wake ni kama wa watu wanne tu," mume wangu alisema. "Na juzi tulikuwa na wageni tisa hapa."

"Wageni waliondoka," nikamwambia.

Alipiga vizuri mno, na hilo ndilo lililoniudhi. Baada ya chakula cha jioni alikaa pale, binti zetu wawili miguuni pake, nami nikiosha vyombo nikawa nausikia wimbo kwa sikio moja na ukuta kwa sikio la pili. Nilizijua zile nyimbo kama ninavyoijua njia ya sokoni. Ule alioupenda kuliko zote huanza chini kwa mkono wa kushoto, unapanda, kiitikio, unashuka tena, kiitikio cha pili, halafu unazima taratibu. Nilikuwa nauombea uzime.

Siku moja nikakata kipande cha gazeti, nikakibandika juu ya ufa kwa gundi ya mbao ya mume wangu, ili ukuta ukisogea kichanike. Karatasi haina mwajiri kama msimamizi. Mvua za masika zilipoanza kunyesha sawasawa, ikachanika katikati. Mume wangu alikuwa katikati ya wimbo. Nilimwita aje aangalie. Aliitazama sana ile karatasi, akaenda kufunika piano, na kesho yake akaenda mwenyewe kuwaita wakaguzi. Wakaja, wakagonga nguzo, wakachora alama nyekundu mlangoni, wakasema tutoke sote mchana ule ule.

Kufikia saa nane barabara ilikuwa imejaa magodoro, jiko la huyu, kabati la yule. Piano ilibaki. Vijana wale wale wa mkokoteni walikataa hata kusogea mlangoni.

"Hiyo keja hatuingii, mathe. Hata utupee nini."

Mume wangu hakubishana. Alisema tu kwamba yunifomu za watoto zimebaki kwenye kamba ya jikoni, akapita katikati ya watu, akaingia kabla sijamshika shati. Nilikuwa bado namwita jina ndipo nyumba ilipolia. Ulikuwa mlio mmoja, mfupi, kama kuni kavu ikivunjwa gotini. Watu wote tulirudi nyuma. Binti yangu mdogo akajificha ndani ya leso niliyojifunga.

Halafu tukasikia piano.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilidhani ameamua kuiaga mbele ya mtaa mzima, huku mimi nikingoja kuwa mjane. Vijana walitoa simu wakaanza kurekodi. Jirani mmoja akaanza kuimba chini chini. Nilisimama nikifuata wimbo, ule ule aupendao kuliko zote, hatua kwa hatua, nikijua kilichobaki: sasa anapanda, sasa kiitikio, sasa anashuka, kiitikio cha pili, sasa utazima na atashuka ngazi, nami nitamwonyesha.

Haukuzima. Alirudia kiitikio. Watu wakafurahi, wakaimba kwa nguvu. Akarudia tena.

Hapo nikaacha kumkasirikia, kwa sababu mume wangu hajawahi kuurefusha wimbo ule hata mara moja. Anauheshimu mno. Nilielewa kwamba yule aliye juu haagi kitu chochote.

Nikampa jirani watoto, nikaingia. Sikumbuki nikifikiria. Nakumbuka vumbi la simiti kwenye ngazi, na kwamba nilipanda nikiwa nimeushika ukuta, kana kwamba mimi ndiye ningeuzuia usianguke.

Alikuwa ameketi, yunifomu mbili mapajani, jasho likimtiririka. Hakugeuka.

"Niliisikia nyumba ikilia," akasema. "Miguu ikakataa, mama watoto. Nikakaa."

"Basi malizia."

"Nikimaliza itabidi nisimame."

"Tutasimama wote."

Nikakaa kando yake kwenye benchi. Akapiga kiitikio mara moja zaidi, kisha akauacha uzime, taratibu, mpaka mwisho kabisa. Nikamshika mkono, tukashuka. Katika ghorofa ya pili aliniomba tusimame, nikamkatalia.

Nje walitupigia makofi.

"Buda, wewe ni noma," kijana mmoja wa mkokoteni akamwambia. "Nyumba inaanguka na wewe unapiga ngoma."

Mume wangu alifungua mdomo amweleze. Nikaubana mkono wake, akanyamaza. Tulikaa juu ya godoro letu kando ya barabara, watoto katikati yetu, na hapo ndipo alipoanza kulia, uso wote ndani ya zile yunifomu. Wanawake waliniangalia kwa huruma. Walidhani analilia piano.