Pamba Isiyowasha ya Nyamizi

Kule Zagayu, ukitaja mbegu ya pamba bila kusema ya nani, watu wanajua ni ya Nyamizi. Mjane huyu wa Deogratias si mwenyekiti wala bwana shamba, lakini kitongoji kizima kinapanda kilichopita mikononi mwake. Kazi hiyo aliipenda kuliko misa ya Jumapili, ila padri asiambiwe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pamba ikishapasuka, kabla wachumaji hawajaingia shambani, Nyamizi huingia peke yake na vitambaa vyekundu kwenye pindo la kanga. Mche ukimpendeza, anaufunga kitambaa. Mche huo hauguswi na mtu mwingine. Pamba yake haiendi kwenye mzani wa ushirika, inakwenda nyumbani kuchambuliwa kwa vidole, nyuzi huku, mbegu kule.

Aliyemfundisha ni mama mkwe wake, Milembe, na mbegu ya kwanza ilikuwa ya Milembe. Ilikuwa na sura mbaya, tusifichane. Majani yalijaa vinyweleo juu na chini, ukipita katikati ya mistari mikono inawasha mpaka jioni. Makapi ya majani hayo yaling'ang'ania pamba kama kupe. Ukiifikisha kituoni, karani anaibinya, anakunja uso, anasema, "Fifi," yaani daraja la pili. Pamba safi ni ya wenzako.

Nyamizi alikuwa bibi harusi mwenye kiburi kidogo, na neno lile lilimchoma. Ndipo alipoona mche wenye majani laini, vitumba vikubwa na pamba nyeupe, akaufunga kitambaa. Mwaka uliofuata akatafuta mingine ya namna hiyo. Milembe alinung'unika kwamba pamba yake inageuka ngeni. Manyoya yale yanafanya kazi gani hata yeye hakujua, aliikosa tu sura aliyoizoea. Akafa akinung'unika, na Nyamizi akaendelea kufunga vitambaa vyake.

Miaka ikaenda, karani akaacha kukunja uso. Majirani wakaanza kuja na mabakuli. Nyamizi aliwagawia bure, na sharti lake lilikuwa moja tu.

"Ya manyoya wapeni ng'ombe," aliwaambia. "Mkiipanda pamoja na yangu mtaiharibu."

Wakawapa ng'ombe. Ng'ombe hawakulalamika.

Aliyekataa alikuwa Salu peke yake, mdogo wa marehemu mume wake, mbishi wa kuzaliwa. Alisema pamba ya mama yake inamtosha. Kila walipokutana sokoni Nyamizi alimchokoza mbele za watu: "Shemeji, bado unajikuna?" Watu wanacheka, Salu anatazama pembeni.

Msimu huu wakaja wadudu. Wadogo wa kijani, ukitikisa jani wanaruka kiubavu. Walikuwepo siku zote, lakini dawa iliwaangusha. Safari hii dawa ilikuwa kama inawaogesha. Kingo za majani zikajikunja, zikawa njano, kisha shamba zima likawa jekundu kabla vitumba havijajaa. Likafuata la jirani, na la jirani yake. Nyamizi alilala na kuamka na hofu, asijue chanzo ni nini.

Sababu aliletewa na Ernestina, mtafiti wa mbegu, mwenyeji wa Bukoba, aliyefika kwa bodaboda kutoka Bariadi. Binti huyo aligeuza jani, akalipapasa kwa kidole gumba upande wa chini.

"Mama, pamba yenu ya zamani ilikuwa na manyoya?"

"Ilikuwa nayo. Tuliiacha."

"Mdudu huyu hutaga mayai ndani ya mishipa ya jani. Manyoya ndiyo yanayomzuia."

Nyamizi alikaa chini palepale kwenye mstari. "Aliyechagua ni mimi," alisema. "Mashamba yote haya ni mimi."

"Kila mtu huchagua kinachoonekana, mama. Hata sisi wataalamu hutupata." Ernestina alichuchumaa karibu naye. "Za manyoya tunazo, lakini mchanga huu na jua hili haziviwezi. Ya mama mkwe wako ilishavizoea. Nipatie hata mche mmoja, tutaanzia hapo. Ikiwa imekwisha, hakuna pa kuitoa tena."

Kesho yake Nyamizi alitia vitambaa kwenye pindo, akatoka. Aliingia shamba hadi shamba akipapasa majani, safari hii akitafuta kile alichokuwa akikikimbia. Laini. Laini tena. Mikono haikumwasha hata kidogo. Alitamani iwashe mpaka itoke damu.

Kwa Salu alikwenda mwisho, kwa sababu ya aibu, na kwa sababu huko alikuwa na uhakika. Njiani alipanga jinsi atakavyoomba radhi. Atacheka, Salu, na acheke tu, ana haki.

Alimkuta ameingiza ng'ombe shambani. Walikuwa wanakula miche myekundu iliyojikunja. Nyamizi alivunja jani la karibu, akalipapasa chini, akalipapasa juu.

"Ng'wangaluka, shemeji," Salu alimwamkia.

"Pamba ya mama iko wapi?"

Salu alichora mchanga kwa fimbo. "Kila siku ulikuwa unaniuliza kama bado najikuna. Nikachoka kuchekwa. Msimu wa juzi nikamtuma mke wangu kwa jirani, akaniombee mbegu yako. Kuja mwenyewe niliona haya."

"Na ile ya mama?"

Aliwaonyesha ng'ombe kwa kidevu. "Si ulisema wapewe hawa?"

Nyamizi alitaka kumweleza yote, kuhusu mayai na mishipa ya jani, lakini aliishia kuligeuza lile jani mkononi. Radhi aliyoipanga njiani haikufaa tena. Salu alidhani amekasirika, akajaribu kumfurahisha.

"Wadudu ni wa mwaka huu tu. Mbegu yako ni nyeupe, kila mtu anaisifu. Mwakani nitakuja mwenyewe na bakuli, sitamtuma mtu. Utanigawia?"

Nyamizi alishika pindo la kanga. Vitambaa vilikuwa humo vyote.