Hema la Kijani la Mtu Mmoja

Nakumbuka, mwanangu, siku moja kule karibu na Nalasi niliamka mchana kweupe nikasikia watu wanabishana nje: marehemu ni wa ukoo gani? Marehemu mwenyewe nilikuwa mimi.

Usicheke bado. Nimekuona tangu asubuhi unapekua mahema kwenye simu, unataka kutembea kwa miguu kutoka hapa Songea mpaka Tunduru na begi lako mgongoni, peke yako, na umekuja kuniuliza lipi jepesi zaidi. Swali zuri. Mimi pia niliuliza hilohilo tu, nikaishia kusaliwa. Weka simu chini basi, nikusimulie.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa yakitugawia sabuni kwa foleni yakaanza kujaa vitu, na mitumba ikaingia Songea kwa marobota. Mimi nilikuwa kijana wa kupiga picha. Kamera haikuwa yangu, ilikuwa ya fundi wangu, Mzee Ngonyani, mwenye studio ya chumba kimoja hapa mjini, mtu wa maneno machache na ndevu nyingi. Msimu wa korosho ukiisha, watu wa Tunduru walianza kuoana mfululizo, na fundi alinituma huko. Lori mpaka Tunduru mjini, halafu miguu, kijiji kwa kijiji, wiki tatu, kupitia Mbesa hadi Nalasi. Mgongoni nilibeba kamera, taa yake, betri, mikanda ya filamu, na lile pazia la maua tulilowasimamisha watu mbele yake. Kila kitu kilikuwa na uzito wake, na bega lilikuwa langu.

Mwaka huo kulikuwa na arusi moja kubwa. Mzee Saidi, mkulima wa korosho, alikuwa anamwoza binti yake, akaagiza mpiga picha kwa fundi mwenyewe. Fundi akaniambia, "Hii ukiharibu, kamera naichukua, na wewe unarudi kwa baba yako kulima." Na baba yangu, mwanangu, alikuwa na mashamba makubwa.

Safari za nyuma nililala kwa watu. Unabisha hodi, unakaribishwa, unapewa ugali na mkeka, basi. Lakini ujana una kiburi chake. Nilikuwa nimechoka kulala chumba kimoja na mbuzi, na nimechoka kuulizwa kila nyumba kwa nini sijaoa. Nikasema mwaka huu natembea na nyumba yangu.

Nikaenda sokoni kwa Mama Roda, muuza mitumba. Robota lake lilikuwa limetoa mahema mawili. Moja la turubai, rangi ya udongo, lina vyuma. Kulibeba ungehitaji punda. La pili lilikuwa la kijani, kitambaa laini chenye matao mawili ya fito nyembamba, refu kama mtu na pana kama mtu, basi. Nikalinyanyua kwa kidole kimoja. Lo! Nikapenda pale pale.

"Hilo la mtu mmoja, mdogo wangu," Mama Roda akasema. "Huwezi hata kukaa kitako humo. Unaingia umelala, unatoka umelala."

Pembeni alikuwepo mfanyabiashara mmoja wa Tunduru, mzee wa kofia na kanzu, anachagua mashati. Akalitazama lile hema nilivyolitandaza, akanitazama mimi, akasema, "Kijana, unalipeleka upande wetu hilo? Mimi ningetafuta rangi nyingine." Mimi nikadhani ananitega ili alinunue yeye. Sikumuuliza neno. Nikalikunja haraka nikaondoka nalo.

Fundi naye akaniambia nilisimamishe uani kwake, nilale ndani saa nzima nikiwa na mzigo wote, nione. Nikakataa. Mabinti wa jirani walikuwa wanachambua mboga pale ukutani, na mimi kijana mtanashati nijilaze chini mbele yao kama gunia? Thubutu!

Basi, njia nzima lile hema lilinifurahisha. Jepesi kweli, hilo silikani. Nililala porini, nililala mashambani, sikumbishia mtu hodi. Siku moja kabla ya arusi nikaingia kijijini kwa Mzee Saidi, jua la saa sita limenikamua mpaka basi. Nikaona kijumba cha udongo kimetulia, uwanja umefagiwa safi, kivuli kizuri. Nikasema hapa najinyoosha kidogo, nioge, ndipo nikajitambulishe kwa wenye arusi nikiwa nadhifu. Nikasimamisha hema, nikaingia miguu kwanza, nikafunga zipu kwa ajili ya nzi. Usingizi ukanichukua.

Kijumba kile kilikuwa msikiti. Mimi mtoto wa Kikatoliki wa Songea, msikiti niliojua ni ule wa mjini wenye mnara.

Niliamshwa na sauti. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Nani huyu tena?"

"Mwanamke. Huoni matao?"

"Wa ukoo gani?"

"Labda wametoka naye shamba, wenyewe wameenda kuchimba kaburi."

"Basi tusali adhuhuri, kisha tumsalie."

Mimi nimelala ndani, nasikiliza. Kwetu maiti tunamzika na sanduku la mbao. Sikujua kwamba Waislamu humbeba maiti kwenye jeneza la wazi, na la mwanamke huwekewa matao ili umbo lake lisionekane, kisha hufunikwa kitambaa. Cha kijani, mara nyingi. Nikasikitika kweli, mwanangu. Nikasema moyoni, maskini, kuna mama amefariki, na mimi mgeni nimelala tu hapa sijatoa hata pole. Nikavuta zipu. Ikagoma. Nikavuta tena, ikang'ang'ania. Nikaona nisikose adabu kwa sababu ya zipu, nikapaza sauti kutoka humo humo ndani:

"Poleni na msiba, jamani!"

Weee! Nilisikia kishindo cha miguu kama ng'ombe wamefunguliwa zizini. Baadaye niliambiwa kwamba mzee mmoja aliyekuwa akitembelea fimbo aliwapita vijana wote, na fimbo akatuachia. Nami kwa hofu nikaanza kufurukuta, hema likang'oka, nikabingirika nalo uwanjani mpaka zipu ikachanika nikatoka kichwa. Aliyebaki ni shehe peke yake, amefumba macho, midomo inakwenda mbio. Akafumbua jicho moja.

"Wewe nani?"

"Mpiga picha, kutoka Songea."

"Picha za nini?"

"Za arusi, shehe."

Shehe akakaa chini taratibu, akaanza kujipepea kwa kofia.

Mzee Saidi alipoletewa habari hakucheka hata kidogo. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mtu aliyetoka kwenye jeneza ndiye akamkodolee binti yangu jicho la kioo? Huu ni mkosi. Arudi alikotoka." Kijana mmoja akauliza, "Songea, au jenezani?" Watu wakaangua kicheko, yeye akazidi kukasirika. Mimi nikaona jembe la baba yangu waziwazi. Nikatamani kulia, nikalia.

Ndipo akaniita Bibi Somoe, mama yake Mzee Saidi, kikongwe mwembamba aliyekaa mkekani anapepeta mchele wa arusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, marehemu."

Akaacha ungo. "Hapa pana nyumba nyingi, zote zina milango. Hukuona hata mmoja wa kubisha hodi?"

"Sikutaka kuwasumbua, bibi."

"Kumbe! Hukutaka kutusumbua, ukatufia msikitini." Akanionyesha mkeka nikae. "Mjukuu wangu, nyumba ya mtu mmoja ipo, na kila mtu atapewa yake, wala hatoibeba mgongoni. Ya nini kuikimbilia? Ulituona tuna kasoro gani sisi hata usitake kulala kwetu?"

Nilikuwa nimewaona kero watu walionilaza na kunilisha miaka miwili, na aibu iliniingia mpaka kwenye nyayo.

Bibi akasimama, akaenda hadi kwenye lile hema lililochanika, akapiga magoti, akaingia miguu kwanza kama mimi, akalala. Watu wakapiga kelele. Akatoa kichwa nje, mtandio umemwenda upande, akacheka bila jino hata moja. "Saidi! Mama yako amekufa na amefufuka. Mkosi umekwisha. Na wewe, marehemu, shika kamera yako, unipige."

Nikampiga. Mzee Saidi alijikaza, akajikaza, kisha akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi. Nililala kwake siku nne, chumba kimoja na mbuzi, na arusi niliipiga yote.

Miaka kadhaa baadaye Mzee Saidi alikuja mwenyewe mpaka Songea kuiulizia ile picha ya hemani. Bibi Somoe alikuwa amefariki, safari hii kweli. Maisha yake yote hakuwa amepigwa picha nyingine ya peke yake. Niliitafuta ile filamu siku mbili, nikamsafishia nakala kubwa, akaipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, mwanangu, chukua hema jepesi, sikukatazi. Ila usilinunue kwa kulinyanyua tu. Lisimamishe kwanza hapa uani, uingie na begi lako lote, ufunge na kufungua zipu mara kumi, na wanaocheka wacheke. Mtafute mtu wa huko unakokwenda umwonyeshe, na akikunja uso muulize kwa nini, usijifanye mjuaji. Halafu liwe la porini, pale ambapo hapana mtu. Ukiona moshi wa jiko, likunje, ukabishe hodi, hata kama watakuuliza kwa nini hujaoa.

Nenda salama. Mungu akupe mabega yasiyochoka, na kila mlango utakaobisha hodi, akuitikie mtu wa kukucheka na kukutandikia mkeka.