Viti vya Wageni wa Chuo

Mama alikuwa ameagiza viti vya safu ya mbele visikaliwe na mtu. Vilikuwa viti vyekundu vya plastiki, vimepangwa chini ya turubai mbele ya jeneza, na kila mwombolezaji aliyevisogelea aliambiwa na Collins, mpwa wa marehemu aliyekuwa akiongoza ratiba, kwamba hivyo ni vya wageni wa chuo.

"Basi lao liko wapi sasa?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Liko njiani, shangazi."

"Tangu asubuhi liko njiani. Au wanasomea kuchelewa?"

Watu wakacheka kwa chini, kile kicheko cha msibani. Awuor, aliyeketi kwenye mkeka ubavuni kwa mama yake, aliinamisha uso. Hakukuwa na basi. Alipoulizwa jana kama ameshawaarifu wenzake, alijibu ndiyo, lakini hakumwambia mtu. Chuoni hakuna aliyejua kwamba baba yake, Mzee Obedi, amefariki wiki hii. Kwao alikuwa amefariki tangu mwaka juzi.

Ilianza wiki ya kwanza kule chuoni Nyegezi. Wanafunzi wapya waliketi kwa duara wajitambulishe. Hakuna aliyewaambia wataje kazi za wazazi wao. Aliyeanza alitaja mwenyewe, wengine wakafuata. Baba daktari, baba wakili, mama ana duka la vipodozi katikati ya mji. Awuor ni mtu ambaye sauti humkauka mbele ya watu watatu. Baba yake alishona nyavu za wenye mitumbwi kijijini kwao Rorya, na alijua akilisema hilo litafuata swali jingine, na jingine. Zamu ilipomfikia alisema, "Baba ni marehemu."

Watu wakasema pole, zamu ikapita. Alidhani angesahihisha kesho yake. Lakini jioni ile Precious, aliyepangiwa naye chumba katika hosteli ya Mkolani, alimkumbatia na kumsimulia jinsi yeye alivyofiwa na mama yake akiwa darasa la sita. Baada ya hapo kesho ikawa ngumu, na keshokutwa ngumu zaidi.

Maisha ya chuo yalimfundisha kukaa ndani ya uongo huo. Wasichana waliokula mlo mmoja kwa siku walikwenda kwenye hoteli za ufukweni, wakaagiza soda moja wote, wakapigana picha za kuweka kwenye simu. Wavulana waliokwisha kuhitimu walirudi kuzunguka getini wakiwa na shahada zao na hawana pa kwenda, na waliobaki madarasani waliwapita bila kuwatazama, kana kwamba ukosefu wa kazi huambukiza. Kulikuwa na semina ya afya ya akili, mabango yameandikwa usikae kimya, na mtoa mada akaondoka kabla ya maswali. Awuor alikuwa amekaa nyuma. Siku ile alikuwa karibu kunyoosha mkono.

Mtu aliweza kushinda chumbani na njaa yake asiulizwe hali. Lakini akifiwa na mzazi, darasa zima lilikodi basi, likavaa fulana nyeusi, likaenda kuzika. Heshima hiyo kila mwanafunzi alikuwa na hakika nayo. Awuor alikuwa ameitumia mapema.

Mwaka jana Mzee Obedi alikuja chuoni bila taarifa, amevaa koti lake la kwendea kanisani, mkononi kiroba cha dagaa. Awuor alipofika getini alimkuta Precious amekwisha kumfikia, anamuuliza anamtafuta nani. Akawahi kusema, "Huyu ni baba mdogo."

Precious akapiga goti. "Shikamoo baba mdogo. Pole sana kwa kumpoteza kaka yako."

Mzee alimtazama binti yake, kwa makini, kama alivyozoea kutazama wavu kabla ya kujua umechanika wapi. Kisha akamgeukia Precious.

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Alikuwa mkaidi kidogo yule, lakini mtu mzuri."

Precious akacheka, akachukua kiroba kumsaidia. Mzee alirudi kituo cha Buzuruga kupanda basi siku ileile, na nyumbani alimwambia mkewe jambo moja tu: watoto wa chuo wana adabu, wamenipokea kama mzazi wao. Lile jingine hakulisema. Hakumuuliza Awuor pia, wala kwa simu, wala likizo alipokwenda nyumbani. Awuor alingoja aulizwe. Wiki hii presha ikamwangusha mzee ufukweni, sindano ya kushonea nyavu mkononi.

Kwa maneno yale ya mumewe, mama alikuwa na hakika kwamba chuo kitakuja. Alikuwa amekitangazia kijiji.

Jua lilipoanza kushuka, mzee wa kanisa alimwinamia. "Mama, leo ni Ijumaa. Sabato haitatusubiri. Tuzike sasa."

"Dakika chache tu," mama alisema. "Awuor, wapigie. Waulize wamefika wapi."

Awuor alikwenda nyuma ya jiko, akampigia Precious.

"We Awu, umeondoka bila kuaga. Uko wapi?"

"Nyumbani. Tumefiwa."

"Jamani. Nani tena?"

"Baba," Awuor alisema.

"Baba mdogo? Yule wa dagaa?"

Alisikia Collins akijaribu kipaza sauti. Alisikia mama akimwambia mtu atazame barabarani.

"Ndiyo," alisema. "Mnaweza kuja?"

"Kwa baba mdogo darasa haliendi, mpenzi, unajua utaratibu. Huwa ni kwa mzazi tu. Lakini ngoja niweke kwenye grupu wakutumie pole. Maskini, alikuwa na utani yule."

Awuor alirudi mkekani. "Hawataweza kufika, mama. Wanatuma ujumbe."

Mama alivitazama vile viti kwa muda. "Basi usomwe. Watu wausikie."

Simu ilikuwa tayari inatetemeka. Awuor alisimama, akapewa kipaza sauti, na sauti haikutoka.

"Mpe baba yako mdogo," mama alisema.

Okwach, mdogo wake marehemu, aliipokea simu na kuishika mbali na macho. "Pole sana dada Awuor," alisoma, "kwa kuondokewa na baba..."

Akamtazama Awuor, kwa macho yaleyale ya kaka yake pale getini.

"...na baba yako," akamalizia. "Mungu akutie nguvu."

Akasoma wa pili na wa tatu, na kila mara ulimi ulisita mahali palepale, ukaruka. Watu wakaitikia amina. Mama alilia kwa sauti, na katika kilio kile kulikuwa na fahari.

Kaburi lilipokuwa likifukiwa, Okwach alimrudishia simu. "Wenzako wamenizika mimi," alisema taratibu. "Kaka alijua?"

"Alijua."

Okwach akachukua koleo, akaenda kufukia na wengine.

Sabato iliingia kwa wimbo. Ndani, mama alijilaza kwenye godoro sakafuni, akamwita binti yake karibu. "Nisomee tena ule wa kwanza. Baba yako angefurahi."

Awuor alifungua simu. Lilikuwa neno moja tu la kuruka. Angeliruka leo, na kesho wageni wengine wakija, na siku ya mahafali mama atakapokuja Nyegezi na kukutana na Precious uso kwa uso.

Alisoma ujumbe kama ulivyoandikwa.

Mama aliinua kichwa. "Mdogo?" Nje, Okwach alikuwa anaomba aongezewe chai. "Mbona Okwach namsikia pale nje?"

Awuor aliilaza simu kwenye godoro, kioo chini.

"Mama," alisema, "baba alipokuja Nyegezi..."

Sauti ikamkauka. Akaanza upya.