Dege Tulilolichangia

Watu wa siku hizi wakisikia ndege inapita hata macho hawainui. Waache. Sisi wa Mtwara tulikuwa na dege letu, na nasema letu kwa sababu tulilichangia kwa jasho. Anayebisha aje aniulize mimi.

Lilibeba askari wakati wa vita vikuu vya pili. Vita vilipokwisha likaletwa kwetu kubebea watu na vyuma vya mashamba ya karanga. Karanga zenyewe zikagoma kuzaa, wenye mashamba wakafungasha virago, dege likabaki uwanjani na rubani wake, mzungu mzee aliyeling'ang'ania kama mke wa ujana. Petroli hakuwa nayo. Akatuambia, nisaidieni petroli, nami masika barabara zikifungwa nitawapelekea wagonjwa wenu Dar es Salaam.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama yangu. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alishatuambia wazi kwamba asipopasuliwa Dar es Salaam haraka, tusitegemee atapona. Njia ya gari ilikuwa imeliwa na maji, meli imeshapita. Basi watu wakachanga. Watu wa Mahurunga walileta korosho na makopa ya muhogo, kina mama wa Chikongola wakatoa mauzo ya vitumbua vyao. Haba na haba, jamani! Nilipokea huku nalia.

Baba hakuwa na korosho. Alikuwa fundi wa mashua kule Mikindani, kazi yake kuziba nyufa na kupaka mbao mafuta ya papa zisioze. Mchango wake ukawa kulitunza dege mpaka petroli ifike. Mwili wa dege ulikuwa bati, lakini mkiani, kwenye mbawa ndogo zinazoligeuza hewani, palikuwa na kitambaa kilichowambwa kama ngoma. Mvua ilikinyeshea siku nenda rudi, na baba roho ikamuuma. Chombo ni chombo, alisema, hakiachwi kikavu bila mafuta. Akachukua mafuta ya papa aliyojiwekea kwa mashua yake mwenyewe, akapanda ngazi, akapaka mkia wote, kisha akarudia. Harufu yake, lo! Nikamtania kwamba abiria watatapika kabla ya kupaa.

"Mama yako akifika salama," alisema akicheka, "na atapike tu."

Petroli ikaja. Tukambeba mama kwa kitanda cha kamba hadi uwanjani, amevaa kanga mpya na kujipaka wanja, eti haendi Dar es Salaam kama mtu aliyefukuzwa. Rubani akaenda kukagua. Alipopanda ngazi ya mkiani akapitisha mkono juu ya kitambaa. Panya wa maghala ya korosho walikuwa wamefuata ile harufu, wakatafuna kitambaa upande wa juu, ambao ukiwa chini huuoni. Kilichobaki kilikuwa kimelegea, ukikigusa kinaachia.

"Nani amepaka mafuta hapa?" aliuliza.

"Mimi, bwana!" baba akajibu, kifua mbele, akingojea kushukuriwa.

Rubani hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema dege haliruki kwa mkia ule, na kitambaa chake hakipatikani huku kwetu wala karibu na kwetu. Kisha mzee wa watu akakaa kwenye nyasi, akafunika uso. Mimi nilitaka kumpiga mtu, wallahi, nikakosa wa kumpiga. Tukakiinua kitanda tukarudi nyumbani.

Tangu siku ile baba aliacha kula. Alikaa mlangoni anajipiga kifua, "Nimemuua mama watoto," na mama mwenyewe yu hai, yuko ndani, anasikia kila neno. Mama akaomba tumsogeze karibu na mlango. Uji tuliompikia yeye alikuwa anamsukumia baba.

"Kunywa, mume wangu. Si wewe. Ni siku zangu tu zimefika."

Maumivu yakimbana aliuma kanga ili baba asisikie. Sisi watoto tulimsihi ajihurumie, tukakasirika hadi tukamnunia baba, lakini mama hakutusikia. Hata asubuhi aliyokufa, pumzi chache alizobakiza hakuzitumia kutuaga sisi. Alizimaliza kumbembeleza baba anywe uji, na baba hakunywa.