Sindano ya Pikipiki ya Mwalimu Yona

Mwanangu, weka spana chini kwanza, hiyo boda haitakimbia. Nimekusikia ukimwambia yule mteja, mbele ya wenzake wote, kwamba ameua injini mwenyewe. Labda ni kweli. Lakini umenikumbusha siku moja ambayo ningependa niisahau, kwa hivyo kaa uisikie.

Miaka hiyo wazungu ndio wenye mashamba, na Eldoret tuliiita Sisibo. Nilikuwa nimetoka Kisumu, nilikojifunza ufundi, na mdomo wangu ulinitangulia kila mahali. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma kweli. Asubuhi moja Mwalimu Yona akaleta gereji pikipiki ndogo iliyokuwa ikizimazima. Ilikuwa mali ya misheni, naye aliitumia kuzungukia shule za upande wa Ainabkoi. Shida ilikuwa uchafu tu ndani ya kabureta, nikausafisha. Ningeishia hapo. Lakini niliona sindano inayopimia injini petroli imeshushwa chini sana, nikacheka.

"Nani alikuwekea hivi, Mwalimu? Kisumu hatufanyi hivi."

Akasema kwa upole kwamba ni fundi mzee aliyekuwa hapo kabla yangu, na siku zote ilikwenda vizuri. Sikumsikiza. Nikaipandisha sindano, petroli iingie kwa wingi, kama nilivyofundishwa.

Siku ya tatu akarudi akiisukuma. Moshi mweusi, plagi imejaa masizi, mlima haipandi. Alikuja na mkubwa wake wa misheni, na gereji nzima ilikuwa ikitazama. Niliona haya kusema sijui. Nikafungua tangi, nikanusa, nikasema, "Huyu anachanganya petroli na mafuta ya taa. Petroli yenyewe anapeleka wapi, mwulizeni." Sikuwa nimenusa kitu, mwanangu. Mkubwa akamnyang'anya pikipiki pale pale, akaiacha kwetu, na kuanzia kesho yake Mwalimu akawa anakwenda Ainabkoi kwa miguu.

Wiki hiyo hiyo nikamlalamikia Mama Tabitha, aliyekuwa akitupikia pale gereji, kwamba maharagwe yake ni magumu. Nikamwambia Kisumu yangekuwa yameiva zamani. Akaweka mwiko chini.

"Kila mgeni analaumu mimi. Huku ni juu, kijana, hewa ni kidogo, maharagwe yanachelewa kuiva. Umesahau vile ulikuwa unahema ulipofika? Ungeuliza wenyeji kabla ya kutukana sufuria ya mtu."

Nikasukuma sahani kando. Kama mimi nilihema, injini je? Hewa ikipungua, petroli nayo lazima ipunguzwe. Kumbe yule fundi mzee alijua alichofanya. Nikaenda kwenye pikipiki ya Mwalimu, nikaishusha sindano, nikafuta plagi, nikaiwasha. Ikalia safi, na petroli ni ile ile niliyoisingizia.

Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa yule mkubwa. Badala yake nikamvizia Mwalimu njiani, viatu vyake vimejaa matope, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ulinichafua mbele ya watu. Mbona unanisafisha hapa kwenye majani, tukiwa wawili?"

Nikaahidi kusema kanisani Jumapili. Jumapili ikafika, nikakaa benchi la nyuma nikiangalia miguu yangu. Ikaja nyingine, hivyo hivyo. Ya tatu nikaambiwa Mwalimu amehamishwa mbali, na ile sifa ya wizi wa petroli imemfuata huko. Sikumwona tena. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa naona aibu, mtu mzima kama mimi.

Sasa shika haya. Kuuliza si ujinga. Ukikuta mkono wa fundi mwingine kwenye kazi, tafuta kwanza kwa nini aliweka hivyo. Ukikosa, sema umekosa, na usingoje Jumapili. Tena usemee pale pale ulipomkosea mtu, wasikie wale wale waliosikia. Msamaha wa kichochoroni haurudishi jina la mtu.

Nenda umwite yule mteja, na wenzake wa stendi waliokusikia. Nitaanza mimi, niseme mbele yao kwamba Mwalimu Yona hakuiba chochote. Nimechelewa sana, lakini nitasema. Halafu utajua kama nawe una la kusema. Mungu abariki mikono yako, mwanangu, na ulimi wako aufanye mzito kulaumu, mwepesi kukiri.