Bibi Kizee Aliyekataa Kuponya

Sijui kwa nini mimi. Wenye kalamu wamejaa mji mzima, wengine vyeti vyao wamevitundika ukutani, lakini mama wa kituo cha mafuta amekuja kuniganda mimi. "Bibi, tuandikie habari za mjukuu wako, tuibandike pale tunapochezea." Nikamwambia shuleni mimi nilipita kama mtu anayepita dukani bila hela. Akacheka, akaacha karatasi na kalamu juu ya kitanda changu, akaenda zake. Basi herufi zangu zikilala upande, lawama mpelekeeni yeye.

Mjukuu wangu ni binti, mwoka mikate. Nimemlea mimi, mama yake alipofuata kazi mbali. Mikono yake ina makovu ya trei za moto hadi viwikoni, na unga hautoki kwenye nyusi zake hata aoge vipi. Haongei sana. Alipokuwa mdogo nilimtuma chumvi, akarudi mikono mitupu na hadithi ndefu ya simba aliyekaa njiani akitoza ushuru. Nilimfinya sikio. Lakini hadithi niliisikiliza mpaka mwisho.

Jumapili mchana, akishafunga kazi, alikuwa anakwenda chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja, kucheza. Mimi nilidhani ni kamari. Akasema, "Hapana Bibi, tunasimulia tu." Siku nyumba yangu ilipopakwa rangi, harufu ikanikaba kifua, akanichukua huko nikakae pembeni. Nikaona kwa macho yangu.

Wanaume wazima, ndevu mpaka kifuani, wameizunguka meza. Kinyozi ndiye msimulizi. Anasema: mko mlimani, giza limeingia, kuna kitu kinanguruma. Wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, anamsemea: mtu wangu anachomoa upanga, mtu wangu anapanda mti. Ikiwa haijulikani ataweza au hataweza, wanarusha dadu, tena si dadu za kawaida, zina pande nyingi kama jiwe lililochongwa na mlevi. Mchezo wote ni huo. Mwalimu wa hesabu alikuwa shujaa asiyeogopa kifo. Mama yake mzazi ndiye anayemfulia soksi hadi leo. Dereva wa lori alikuwa mwizi mwepesi kama paka, na kiti alichokalia kilikuwa kinalia kwa uzito.

Na mjukuu wangu? Mganga. Miaka yote aliyocheza pale, mganga. Wao wanapigana, yeye anafunga vidonda. "Dada, niponye." "Dada, na mimi." "Dada, ukishamponya, kuna chai?" Akifungua mdomo aseme twende njia ile, kinyozi anamkata: "Subiri kwanza, watu wako vitani." Nilimwona akifunga mdomo, nikasikia moto kichwani. Hakulelewa hivyo.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Mtu wake alikuwa amemwandika bibi kizee. Mguu mmoja mbovu, kichwa kigumu, hapendi kuulizwa mambo mara mbili. Dereva wa lori, ambaye anajua kuchora, akamchora. Alichora nini? Msichana kiuno wazi, nywele zinapepea!

"Huyu si mtu wangu," mjukuu akasema.

"Aa, dada, nani anataka kutembea na bibi kizee safari nzima?" Wakacheka wote. Mimi nimekaa pale pale, na mguu wangu mbovu nimeunyoosha. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Sasa meza hiyo ilikuwa na desturi yake, na waliiweka wao wenyewe: hadithi ikiisha, atakayebaki na mtu wake mzima ndiye atakayekalia kiti cha msimulizi na kuleta hadithi yake. Mjukuu wangu alikitaka kile kiti. Hadithi yake alikuwa anaikanda kichwani kila asubuhi pamoja na mikate. Lakini yeye akishawaponya wote, wote wanabaki wazima, na wakiwa wazima wote kinyozi anasema, "Basi niendelee mimi tu." Mara moja alipoomba zamu, wakamwambia mganga hahesabiwi, yeye yuko nyuma tu. Tulipotoka siku ile nikamwambia, "Wewe mjinga kweli. Unawashona ili wakukalie?" Alinuna wiki nzima, na mikate ya wiki ile ilitoka migumu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena. Rangi ilikuwa imeshakauka, lakini nani angenizuia?

Walikuwa wamefika pangoni kwa lile dude lililokuwa linanguruma mlimani, lenye meno. Mwalimu akajirusha mbele na upanga wake, dadu ikamwangusha, dude likamrarua ubavu.

"Dada, niponye!"

"Sikuponyi."

Kinyozi akainua kichwa. "Mganga anafanya nini?"

"Amekaa kwenye jiwe. Amenyoosha mguu, unamuuma."

"Hawezi kukaa! Mwenzake anakufa!"

"Mtu wangu anasemewa na nani? Kila mtu hapa anamsemea mtu wake. Amekaa."

Mwalimu akafa. Alishika karatasi yake kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Dereva akaanza kubembeleza: "Dada yangu, mpenzi wa Mungu, sisi tumekukosea nini?" Mjukuu akamwambia bibi anatafuta kiko chake, asimsumbue. Dude likammeza dereva pamoja na wepesi wake wote. Mimi pembeni nilicheka mpaka nikakohoa.

Dude sasa likamgeukia bibi. Kinyozi akatabasamu, akidhani amempata. "Haya. Limekuja mbele yako, linatoka damu, limekasirika. Unafanya nini?"

"Naliponya."

Kinyozi akainamisha sikio.

"Unaliponya... hilo?"

"Lina majeraha. Mimi si mganga? Mlisema kazi yangu ni hiyo." Akarusha dadu, nayo ikalala upande mzuri kuliko yote. Dude likajilamba ubavu, likalala. Bibi kizee akaokota fimbo, akatoka pangoni akichechemea, mzima, peke yake.

Akasimama. Akamwambia kinyozi, "Nipishe kwenye kiti."

Hakumpisha. Mtu aliyeiweka desturi kwa mdomo wake alisema sasa hiyo haikuwa kushinda, ilikuwa usaliti. Kwamba wanawake hawapendi kusimulia, wanapenda kuharibu. Kwamba chumba ni chake na kiti ni chake. Mwalimu na dereva wakatazama meza. Maiti hazisemi kitu. Nikamwambia, "Baba, kiti baki nacho, kinakufaa makalio." Tukaondoka.

Mjukuu alilia njiani, sitawaficha. Si kwa sababu ya kinyozi. Alikuwa na hadithi nzima kichwani na hana pa kuiweka. Nikamwambia hadithi haihitaji kinyozi. Basi akamtafuta mama wa kituo cha mafuta. Huyu aliwahi kwenda kule siku moja tu, akaulizwa yeye ni mchumba wa nani, hakurudi. Mama huyo akamleta muuguzi mmoja anayesali naye kanisani, muuguzi akamleta wifi yake. Wanachezea pale wanapofungia mikate, trei zimepinduliwa ndiyo meza, na mjukuu wangu ndiye anayesimulia. Mganga hayupo. Akiumia mtu, wanambeba kwa zamu, wakilalamika. Mwalimu alikuja kubisha hodi, amevaa soksi safi. Wamempokea, amepewa mtu wa kubeba mizigo, na naambiwa anamsemea vizuri.

Lakini kinyozi bado anawaambia wateja kwamba katika mji huu hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza meza, kwa kuwa hakuna aliyetaka. Anasema hivyo wembe uko shingoni mwa mtu, na watu wanaitikia.

Kwa hiyo wewe uliyesimama hapa unasoma, usiniambie imeandikwa vizuri, sikuuliza. Nenda ukanyoe kwake. Akishakunyoa nusu ya kichwa, muulize nani alitoka pangoni mzima. Akimung'unya maneno, inuka, vua lile shuka lake, na utembee mjini na nusu hiyo mchana kweupe. Watu wakikuuliza kulikoni, waeleze yote, usiache hata meno ya dude.